Kuvuta Shuka Kumekucha: Rufaa Haifufui Kampuni

"Tumekata rufaa, msiwe na wasiwasi." Mara nyingi maneno haya husemwa na mkurugenzi aliyesimama nje ya geti la kampuni yake mwenyewe, kwa sababu ndani haruhusiwi tena kuingia. Mlinzi ni mgeni, kufuli ni jipya, na ukutani imebandikwa karatasi yenye jina la mfilisi na namba yake ya simu. Wafanyakazi wanamsikiliza bosi, wengine wanampigia makofi. Hadi jioni habari imeshafika mtaani: amri ya kufilisi imekatiwa rufaa, kwa hiyo ni kama haipo.

Ningewaachia wafanyakazi matumaini yao kama yangekuwa yao peke yao. Lakini imani hii imepanda juu. Utaikuta kwenye vikao vya wafanyabiashara na kwenye mijadala ya redio, na utaikuta kwa mawakili waliosoma kanuni wakafaulu mtihani wake, kisha wakazisahau mteja alipofungua pochi. Wote wanaimba kwamba amri ya kufilisi ni mechi ya kwanza tu na marudiano yanakuja.

Niwatendee haki kabla sijawajibu. Hoja yao, ikisemwa vizuri, ni hii. Jaji ni binadamu na binadamu hukosea. Kuifilisi kampuni ni kuihukumu kifo, na mwenye hukumu ya kifo hanyongwi rufaa yake ikiwa bado mezani. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(a), inataja haki ya kukata rufaa pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama. Isitoshe, wako wadai wenye hila, wanaotumia ombi la kufilisi kama rungu la kukusanyia deni ambalo lenyewe lina ubishi, au kama shoka la kumwangusha mshindani. Mtu wa namna hiyo akimpata jaji aliyechoka, rufaa ndiyo ngao pekee iliyobaki. Na mifano wanayo: watakutajia kampuni ya umeme ya IPTL, ambayo amri yake ya kufilisiwa ilifutwa na Mahakama ya Rufani, na waliosoma zaidi watakutajia kiwanda cha chuma cha India kilichotolewa kaburini mwaka 2025.

Kila kipande cha hoja hiyo, kikisimama peke yake, ni kweli. Kosa liko pale vipande vinapounganishwa, hadi mtu akaamini kwamba aliye na haki ya rufaa bado ana kampuni.

1. Amri isiyohitaji dalali

Imani ya kwanza ni kwamba ukiwasilisha notisi ya rufaa, amri inalala. Hailali. Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009, kanuni ya 11, zinasema bayana kuwa kukata rufaa peke yake hakusitishi utekelezaji. Kenya ni hivyo hivyo. Anayetaka mambo yasimame anaiomba Mahakama ya Rufaa zuio chini ya kanuni ya 5(2)(b), na anapaswa kuonyesha mambo mawili: kwamba rufaa yake ina hoja inayostahili kusikilizwa, na kwamba bila zuio, hata akishinda, ushindi wake utakuwa kazi bure. Hayo ni maombi mapya, yenye viapo vipya, ada mpya, na tarehe mpya ambayo hupangi wewe.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo waimbaji wa rufaa hawaligusi. Hukumu ya kawaida ya deni inahitaji mtu wa kuitekeleza: dalali wa mahakama aje na gari, akamate viti na kompyuta, atangaze mnada. Katikati ya hukumu na mnada kuna nafasi ya kupumua, na zuio linaingia hapo. Amri ya kufilisi haina nafasi hiyo. Jaji akifunga faili, madaraka ya wakurugenzi juu ya mali yamekwisha, mfilisi ameingia, na hakuna anayeweza kuishtaki kampuni wala kuendelea na kesi dhidi yake bila ruhusa ya mahakama. Unaomba kusitisha kitu ambacho kimeshatokea, tena pengine kimetokea nyuma yako. Katika sheria tulizorithi kutoka Uingereza, kufilisi huhesabiwa kuwa kulianza siku ombi lilipofikishwa mahakamani, na mali iliyohamishwa baada ya siku hiyo bila idhini ya mahakama imehamishwa bure. Yule msambazaji uliyemlipa kimyakimya wiki moja kabla ya amri, ukidhani umepunguza adui, anaweza kutakiwa azirudishe fedha hizo. Benki zinalijua hilo kuliko wakurugenzi, na ndiyo maana tangazo la ombi likishatoka gazetini akaunti huganda, jaji akiwa hata hajafungua mdomo.

2. Anayekata rufaa ni nani?

Kule getini hakuna anayeuliza swali hili. Kampuni ndiyo iliyoshindwa kesi, na kampuni sasa iko mikononi mwa mfilisi. Wakurugenzi wanasema "tumekata" kwa niaba ya nani?

Mahakama za Uingereza zilikutana na kitendawili hiki tangu karne ya 19 na zikakitegua kwa huruma kidogo: wakurugenzi wanabakiwa na sehemu ndogo ya madaraka yao, ya kuipinga amri yenyewe tu, na kwa hiyo wanaweza kukata rufaa kwa jina la kampuni. Huruma hiyo haikuandamana na fedha. Akaunti ya kampuni haiwezi kumlipa wakili wa wakurugenzi, kwa sababu kila senti iliyomo sasa inasubiriwa na wadai. Mpinzani naye ana haki ya kuiomba mahakama iwatake wakurugenzi waweke dhamana ya gharama zake, wasije wakashindwa mara ya pili na kumwachia bili ya kampuni isiyo na kitu. Ndiyo hali inayomfanya mtu aliyeshindwa kulipa mishahara ya miezi mitatu auze kiwanja cha familia ili aendeshe kesi ya kuthibitisha kwamba kampuni yake ilikuwa na uwezo wa kulipa. Watoto wake watakuja kuuliza kilikwenda wapi.

3. Kiapo chenye ndimi mbili

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndipo imani nzima inapojikwaa kwa miguu yake yenyewe.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wakili wa leo ameongeza: au kukata rufaa. Tazama sasa anachopaswa kuandika kwenye kiapo cha kuunga mkono maombi ya zuio. Aya ya nne inasema kampuni ni imara, ina mali zinazozidi madeni, na jaji alikosea kusema haiwezi kulipa. Aya ya tisa inasema zuio lisipotolewa leo kampuni itapata hasara isiyofidika, kwa kuwa haina namna ya kujiendesha hata wiki mbili. Majaji watatu wanasoma aya zote mbili asubuhi moja, kisha mmoja anauliza swali ambalo hata bibi muuza maandazi angeuliza: kama unaweza kulipa, mbona hukulipa?

Jibu zuri lipo, kwa wachache walio nalo: hatukulipa kwa sababu deni lenyewe si letu, na ushahidi tuliutoa mbele ya jaji, ukapuuzwa. Hiyo ni rufaa. Mtu wa namna hiyo aende, na aende upesi. Lakini wengi wanaokata rufaa hawakutoa ushahidi huo, wala hawakufika. Jibu lao ni kwamba walikuwa wanatafuta mwekezaji, au serikali haijawalipa, au mwenye deni ni rafiki wa zamani na hawakudhani angefika huko. Haya yote yanaweza kuwa kweli kabisa, na hakuna hata moja linaloonyesha kosa la jaji. Rufaa inapima alichokosea jaji kwa yale yaliyokuwa mbele yake. Mwekezaji aliyepatikana mwezi uliofuata hakuwa mbele yake, na mahakama za rufaa hupokea ushahidi mpya kwa masharti ambayo ni tundu la sindano.

Kisha inakuja dhamana. Tanzania, anayeomba kusitishiwa utekelezaji hutakiwa kuonyesha hasara kubwa itakayompata na pia kuweka dhamana kwamba akishindwa atatimiza kilichoamriwa. Ipime sentensi hiyo kwa kampuni iliyofilisiwa. Mali zake ziko kwa mfilisi, hati zake ziko benki, na imetangazwa rasmi kwamba haiwezi kulipa. Inaambiwa: weka dhamana. Sheria haikukusudia kejeli, lakini kejeli imejaa humo. Anayeweza kuweka dhamana hiyo kwa kawaida angeweza kulilipa deni mwanzoni, kwa bei nafuu zaidi na bila kuchapwa gazetini.

Wengine hudhani wamepata njia ya mkato. Wanamfuata mdai aliyewashtaki, wanapatana naye, wanamlipa, kisha wanakwenda mahakamani wakitabasamu kuwa ugomvi umekwisha. Hawakuambiwa kwamba kabla ya amri ombi lilikuwa la mdai yule, lakini baada ya amri linahesabiwa kuwa la wadai wote, waliojitokeza na waliokaa kimya. Umemlipa mmoja. Yuko mwenye nyumba, iko mamlaka ya kodi, TRA, wako wafanyakazi, yupo aliyekuuzia mafuta. Kila mmoja ana haki ya kusimama na kuuliza kwa nini yule alipwe peke yake.

4. Muda haulali ghalani

Tuseme una kiwanda cha kusaga nafaka. Siku ya amri kulikuwa na mahindi ghalani, mashine mbili zinafanya kazi, malori matatu na wateja arobaini wa maduka ya jumla. Notisi ya rufaa, Tanzania, ina siku 30. Rufaa yenyewe inawasilishwa ndani ya siku 60 tangu notisi. Nakala za mwenendo wa kesi zikichelewa, siku za kusubiri huweza kutohesabiwa, ilimradi uliziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na mpinzani ukampa nakala ya barua yako, kisha msajili akakupa cheti cha kueleza ucheleweshaji huo. Tarehe moja kwenye cheti ikikosewa, rufaa inaweza kutupwa nje bila mtu kugusa hoja yako hata moja. Kenya notisi ina siku 14. Halafu usubiri kupangiwa majaji.

Kwa muda huo wote mahindi yanafanya nini? Fukusi hawatambui zuio la mahakama. Wateja arobaini wanahitaji unga kesho asubuhi, na kesho hiyohiyo wamepata msagaji mwingine. Fundi aliyejua ule mlio wa mashine namba mbili kabla haijaharibika ameajiriwa kwingine. Leseni inaisha, bima inaisha, malori yamesimama juani na betri zimekufa. Hata ukishinda rufaa ukarudishiwa funguo, utafungua geti la jengo lile lile lisilokuwa na biashara ndani yake.

Na anayelipia kusubiri huko si wewe peke yako. Walinzi, ghala, mawakili wa mfilisi na ujira wake mwenyewe hutoka kwenye mali ile ile, tena hutoka mwanzo. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inaweka gharama za ufilisi kwenye mstari wa mbele. Mishahara ya wafanyakazi inafuata nyuma yake, tena ya miezi minne tu na yenye kikomo cha shilingi 200,000 kwa mtu. Mstari wa mbele ukila miaka mitatu ya rufaa, wa pili unakuta makombo. Yule fundi aliyepiga makofi getini alikuwa anashangilia kupunguzwa kwa haki yake, na aliyemwambia asiwe na wasiwasi alikuwa analijua hilo au alipaswa kulijua.

Mwenye rehani ndiye asiyeguswa na kelele hizi. Benki iliyoshikilia hati ya kiwanja inasimama nje ya foleni, na dhamana yake inaifuatilia yenyewe. Unaweza kupata zuio zuri kabisa la amri ya kufilisi, ukalikuza, ukaliwekea fremu, na benki bado ikauza jengo ulipotundika fremu hiyo.

5. Shahidi wao wa kwanza: IPTL

Sasa tuwaite mashahidi wao. IPTL wanaitaja kwa sauti kubwa, na mimi nafurahi wakiitaja.

Kampuni hiyo iliingia mkataba na shirika la umeme, TANESCO, mwaka 1995, wa miaka 20, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, ukaanza kuuza umeme Januari 2002. Mechmar ya Malaysia ilikuwa na asilimia 70 ya hisa, VIP Engineering asilimia 30. Mwaka huo huo wa 2002 VIP ikapeleka Mahakama Kuu ombi la kuifilisi kampuni, ikimlalamikia mbia wake mkubwa. Angalieni: chanzo hapa kilikuwa ugomvi wa wabia, si mdai wa kawaida aliyechoka kusubiri. Ombi likakaa. Likakaa sana. Amri ikatoka Julai 2011, mfilisi akiwa RITA, wakala uleule wa serikali unaotupa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Kwa kampuni nao hufanya kazi ya upande mmoja tu.

Benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa imenunua deni la mkopo wa mtambo ule, haikuwa mhusika katika ombi hilo. Ikaenda Mahakama ya Rufani ikiomba mwenendo wa Mahakama Kuu ukaguliwe. Mwaka 2012 ikashinda. Amri ya kufilisi ikafutwa.

Hapa wenzangu hufunga kitabu. Wamethibitisha: rufaa inafufua. Mimi nawaomba wafungue ukurasa unaofuata. Faili lilirudi Mahakama Kuu, na tarehe 5 Septemba 2013 Mahakama Kuu ikalimaliza kwa njia ambayo benki iliyoshinda haikuiota: VIP ikaondoa ombi lake baada ya kuuza hisa zake, na mambo yote ya IPTL yakakabidhiwa kwa Pan Africa Power Solutions, iliyojitambulisha kuwa mmiliki mpya. Fedha zilizokuwa zimehifadhiwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, Benki Kuu, zikatoka kabla ya mwaka kwisha. Yaliyofuata kila Mtanzania anayajua: Bunge la Novemba 2014, ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali, Mwanasheria Mkuu kujiuzulu, mawaziri wawili kuondoka.

Na mshindi wa 2012? Aliendelea kudai katika baraza la usuluhishi wa uwekezaji, ICSID, lenye makao yake Washington, ambalo Septemba 2016 liliiamuru TANESCO imlipe dola milioni 148.4. Hesabu vizuri nani kaamriwa kulipa. Si Mechmar, si VIP, si mnunuzi mpya. Ni shirika linalokuuzia umeme wa luku.

Sitasema kwamba kufutwa kwa amri ile ndiko kulikozaa kashfa ya escrow. Hiyo ingekuwa porojo, na mambo yale yana baba wengi. Ninachosema ni kidogo zaidi, lakini hakikwepeki: amri ilifutwa, na kilichofutwa hakikumrudishia mtu yeyote alichokuwa nacho. Mahakama ya Rufani ilirudisha faili. Kampuni haikurudi. Anayetaka kuninyamazisha kwa mfano wa IPTL anioneshe aliyeshinda 2012 alipata nini 2013.

6. Shahidi wa pili, kutoka India

Bhushan Power and Steel ni mfano mgumu zaidi, nakiri. Tarehe 2 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya India iliukataa mpango ambao JSW Steel ilikuwa imeutumia kuinunua kampuni hiyo kutoka kwenye ufilisi, ikaamuru ifilisiwe. Tarehe 31 Julai mahakama ileile ikaiondoa hukumu yake yenyewe, na Septemba 26 ikaubariki mpango. Kufa Mei, kuzikwa hapana, kufufuka Septemba. Ndoto ya kila mkurugenzi.

Lakini kati ya Mei na Julai kuna tarehe moja ambayo wasimuliaji huiruka. Mei 26, siku 24 tu baada ya amri, mahakama ilielekeza kila kitu kibaki kama kilivyo, na mchakato wa kufilisi usiendelee. Hakuna mfilisi aliyeuza tanuri. Mtambo uliendelea kuyeyusha chuma chini ya JSW, ambayo ilikuwa imeuchukua tangu 2021 na kuwalipa wadai wa kifedha zaidi ya rupia bilioni 190. Yaani kampuni iliyookolewa ilikuwa na tajiri anayeiendesha, wadai waliokwisha kulipwa, na zuio lililopatikana kabla ya mwezi kwisha. Mwenye vitu vitatu hivyo na asome tena makala hii kwa furaha. Mwenye kiwanda cha nafaka na malori yaliyokufa betri asijilinganishe.

Na kama wanapenda India, wasiiache Jet Airways. Shirika hilo liliacha kuruka Aprili 2019. Lilipata mnunuzi, mpango wake ukakubaliwa na baraza la ufilisi mwaka 2021, kila mtu akasubiri ndege. Wadai wakiongozwa na Benki ya Serikali ya India wakakata rufaa juu ya rufaa, na tarehe 7 Novemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamuru Jet ifilisiwe. Rufaa ilikuwa ya wadai, si ya wakurugenzi, na hili ni jambo ambalo wimbo wa getini hauna ubeti wake: mlango wa mahakama ya juu uko wazi kwa kila mtu, na wanaoupitia wakiwa na fedha ya mawakili wazuri kwa kawaida si waliofilisika.

7. Jina na tanuri

Kuna kosa moja la msingi lililo chini ya haya yote. Watu wakisema "kuokoa kampuni" wanamaanisha kuokoa kazi, mashine, bidhaa, mtaa uliozoea king'ora cha saa moja asubuhi. Rufaa haiokoi hayo. Inachogombea ni jina la kisheria na wale walioko nyuma ya jina hilo, yaani wanahisa na wakurugenzi.

ARM Cement ya Kenya iliwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018. Kiwanda chake cha Athi River kilinunuliwa na National Cement mwaka 2019, na kile cha Maweni, Tanga, kikaenda kwa Huaxin ya China mwaka 2020. Saruji inatoka Tanga hadi leo. Mmiliki wa zamani hayupo, na mjenzi anayechanganya zege pale Pongwe haoni tofauti yoyote. Waliopoteza ni wanahisa na wadai wasio na dhamana, na naelewa kwa nini mwanahisa angependa hadithi iitwe msiba wa taifa.

8. Tarehe iliyosahaulika

Watanijibu: basi tufute rufaa? Hapana, na msiniwekee maneno mdomoni. Jaji akiukataa ushahidi wako wa deni lenye ubishi wa kweli, amekosea, kwa sababu mahakama zetu zimeshikilia msimamo wa Uingereza kwamba ombi la kufilisi si njia ya kukusanya deni lenye ubishi. Hapo kata rufaa, na siku hiyohiyo omba zuio, maana pasipo zuio rufaa yako ni insha. Ninachokataa ni tabia ya kuifanya rufaa kuwa mpango, kitu ambacho mtu ameshakiweka akilini tangu kabla ya kesi: tukishindwa tutakwenda juu.

Kwa sababu mchezo wenyewe ulikwishachezwa chini, na ulichezwa kwa barua. Kenya, mdai wa shilingi 100,000 au zaidi akikuletea madai ya maandishi na siku 21 zikapita bila wewe kulipa wala kupatana naye, sheria inakuhesabu kuwa kampuni isiyoweza kulipa madeni. Tanzania nako muda ni wiki tatu. Laki moja ya Kenya! Kuna kampuni zinazotumia zaidi ya hapo kwa karamu ya kufunga mwaka. Ndani ya siku hizo 21 unaweza kulipa, kupatana, kuandika kwa nini hudaiwi, kwenda mahakamani kuzuia ombi lisipelekwe, au kuomba kampuni iwekwe chini ya msimamizi kabla mfilisi hajatajwa. Njia hizo zinagharimu wakili mmoja na usiku kadhaa usio na usingizi. Baada ya siku hizo kila njia inayobaki ni nyembamba na ghali zaidi, na rufaa ndiyo nyembamba kuliko zote.

Barua ile huja kimyakimya, kwa mesenja wa pikipiki, katikati ya mchana. Mapokezi wanaisaini, katibu anaiweka mezani, bosi anaisoma mstari wa kwanza, anasonya, anaitia droo moja na kadi za michango ya harusi. Wewe unayesoma haya ukiwa na kampuni, funga gazeti, fungua droo yako. Kama barua hiyo imo, tazama tarehe aliyosaini mapokezi, uhesabu leo ni siku ya ngapi.